Noah nyeusi ya Kisesa: siki ndiyo, dizeli hapana

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina Noah nyeusi ya mwaka 2004. Siku tatu kwa wiki nabebea sato na sangara kutoka mwaloni Kirumba, siku zilizobaki ndilo gari la familia. Boneti na paa vimepauka, taa za mbele zimekuwa njano, na harufu ya samaki haitoki hata nikiosha. Vijana wanaoliosha hutumia sabuni ya unga, wakimaliza wanafuta bodi kwa dizeli. Linang'aa siku mbili, basi. Jirani yangu ananiambia nitumie vitu vya nyumbani: dawa ya meno, siki, mafuta ya kula, Vaseline, hata dawa ya kujipaka ya mbu. Kipi kinafaa, kwa kipimo gani, na kipi kitaniharibia gari? (Msomaji wa Kisesa)

JIBU: Nzuri dada, pole na pilikapilika za samaki. Jirani yako kapatia nusu. Jikoni kwako kuna karibu kila kitu cha kusafishia gari, ila hakuna cha kuling'arisha likabaki linang'aa. Kwa kung'arisha utanunua vitu viwili vitatu dukani, na nitakuambia vipi. Nianze na harufu, maana rangi iliyopauka inaweza kusubiri mwezi, lakini watoto wanapanda humo kila siku.

Harufu ya samaki inayokataa kutoka haipo hewani wala haipo juu ya kapeti. Ipo chini yake. Barafu ikiyeyuka kwenye ndoo au kiroba, maji yale yenye damu na ute hupenya kapeti yakatua kwenye sufi nene iliyolazwa juu ya bati la sakafu. Sufi hiyo hunyonya maji na haikauki. Unaweza kuosha kapeti kwa juu mara kumi. Kila ukiongeza maji unaiamsha tu ile ya chini. Ndiyo maana gari linanuka zaidi siku ya pili baada ya kuoshwa. Kwa hiyo kapeti litoke. Ng'oa vizuizi vya plastiki vya kwenye ngazi za milango (vinashikwa na klipu, vivute taratibu kwenda juu), fungua boliti za siti za nyuma, toa kapeti na sufi yake. Hapo sogeza pua karibu na bati, kona kwa kona, na usisahau pale jeki na vifaa vyake vinapokaa. Utakuta sehemu yenye utelezi wa kahawia uliogandia. Huyo ndiye mwenye harufu.

Kazi ya kwanza ni maji baridi na sabuni ya unga. Hapa sabuni ya unga inaruhusiwa, tena inafaa, kwa sababu nyingi zina vimeng'enya vinavyovunja damu na mafuta ya samaki. Weka vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo ya lita 10, koroga hadi chembe zote ziyeyuke, loweka kapeti na sufi nusu saa, sugua kwa brashi, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Usitumie maji ya moto. Damu na ute ni protini, na moto huigandisha kwenye nyuzi kama unavyogandisha yai kwenye kikaango.

Kazi ya pili ni siki, na hapa watu wengi hukosea. Husikia bekingi soda inaondoa harufu, wanaimwaga sanduku zima, halafu wanalalamika samaki bado yupo. Harufu ya samaki inatokana na kemikali za kundi la amini, nazo ziko upande wa magadi, si upande wa tindikali. Bekingi soda nayo iko upande huohuo, haiwezi kuziua. Kinachoziua ni tindikali, ndiyo sababu sahani ya samaki huja na kipande cha ndimu. Chukua siki nyeupe, si ile ya kahawia inayoacha madoa, nusu lita kwa lita moja ya maji. Nyunyiza kwenye kapeti, sufi na bati hadi vilowane, acha dakika 20 hadi 30, kisha suuza. Bati usiliache na siki hata usiku mmoja. Lifute kwa kitambaa cha maji, kisha likaushe kwa kitambaa kikavu, maana siki iliyobaki kwenye mikunjo ya bati italeta kutu. Ndimu ina nguvu hiyohiyo, ila inaacha utamu unaonata na kuita sisimizi, kwa hiyo siki ni bora.

Kabla sijaendelea: usichanganye siki na jiki. Wala usipulize jiki leo na siki kesho mahali palepale bila kusuuza. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa gesi hiyo inaumiza mapafu ndani ya dakika chache. Kwa kweli jiki usiingize kabisa garini. Inapausha kapeti, inakula bati, na ikigusa mkanda wa siti inadhoofisha nyuzi bila wewe kuona. Mikanda huoshwa kwa maji na sabuni ya mche tu, unaivuta yote nje, unaibana kwa kibanio cha nguo ikauke usiku kucha kabla ya kuiachia irudi.

Anika kapeti na sufi juani siku mbili, huku na huku. Sufi ikiwa imechakaa na bado inanuka baada ya siki, itupe. Mafundi wa siti wanauza sufi kwa mita, na mpya itakuwa nafuu kuliko kurudia kazi hii kila mwezi. Bekingi soda sasa ndiyo zamu yake, kumalizia uchachu uliobaki. Nyunyiza robo kilo juu ya kapeti kavu na siti za kitambaa, acha usiku mzima madirisha yakiwa yamefungwa, asubuhi pukuta au fyonza. Kapeti likiwa na unyevu soda hugeuka uji na utaifukua hadi Pasaka. Mkaa uliopondwa kwenye bakuli unasaidia kidogo sana, hauna ubaya, lakini usiutegemee. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo ni kuongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza.

Ikiwa harufu inakuja pale tu unapowasha feni, basi imeshaingia kwenye njia ya hewa. Angalia chujio la hewa ya ndani, kwa kawaida lipo nyuma ya droo ya dashibodi. Badilisha, usioshe.

Na mzigo wa kesho? Boksi gumu la plastiki lenye mfuniko, ndani yake barafu, chini yake turubai lililokunjwa kingo kwenda juu kama sinia. Maji ya barafu ndiyo adui, samaki mwenyewe hana kosa.

Sasa dizeli. Rangi ya gari la kiwandani ina tabaka. Juu ya bati kuna kinga ya kutu, kisha praima, kisha rangi, na mara nyingi juu kabisa kuna klia, ile ya kung'aa isiyo na rangi. Klia ya kiwandani ina unene wa kama maikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu una kama 70. Hicho ndicho ulichonacho, na jua la huku karibu na ikweta linakila kila siku. Sehemu iliyopauka, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, imejaa mabonde madogo yanayotawanya mwanga. Dizeli hujaza mabonde hayo, mwanga ukarudi sawasawa, ukaona gari jipya. Haikutibu chochote. Baada ya siku mbili mafuta mepesi yamepukutika na yaliyobaki yamekusanya vumbi. Na vumbi la Mwanza si la kuchezea. Haya majabali yote ni itale, na itale ikisagika inaacha chembe za kwazi, madini magumu kuliko kioo cha mbele, seuze klia. Vijana wakija tena na kitambaa wanasugua mafuta yenye mchanga juu ya boneti yako. Hiyo ni msasa.

Hayo ni ya juu. Dizeli ikichuruzika kwenye mpira wa mlango, mpira huvimba na kulegea, mvua ikaanza kuingia. Wanaopulizia dizeli chini ya gari "lisishike kutu" wanavimbisha bushi za mpira za miguu ya mbele hivyohivyo, halafu mwenye gari anashangaa gari kugonga kila shimo la barabara ya Nyakato. Mafuta ya taa yana ubaya uleule, tofauti ni kwamba yanakauka haraka.

Sabuni ya unga kwenye bodi, hapana. Imetengenezwa kwa ajili ya shati lenye jasho, ina magadi makali, na inaondoa nta yote iliyopo juu ya rangi. Vijana pia huinyunyiza moja kwa moja kwenye sponji, hivyo chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Ubaya zaidi ni ikikauka juani kwenye rangi nyeusi, inaacha ramani nyeupe. Magadi ya kupikia na majivu yasikaribie gari kabisa.

Cha kutumia ni shampuu ya nywele, yoyote ya bei ya chini isiyo na kondishona ndani yake. Ni laini kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya kichwa. Vijiko viwili vya chakula kwa lita 10. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa siku moja tu, siku unayotaka kupaka nta mpya, kwa sababu inakata mafuta na nta ya zamani yote. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10. Ukiitumia kila wiki utakuwa unavua gari nguo kila Jumamosi.

Kuosha kwenyewe kuna mpangilio, na mpangilio una thamani kuliko sabuni. Fanya kazi kivulini, kabla ya saa tatu asubuhi au jioni jua likishapungua. Gusa boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ngoja. Andaa ndoo mbili, moja ya povu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Kwanza mwagia gari zima maji bila kugusa, kuanzia paa, vumbi liondoke lenyewe. Hatua hii inarukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayozuia mikwaruzo. Kisha sponji laini au soksi ya pamba: paa, vioo, boneti, milango ya juu, na mwisho chini ya milango na bampa. Kila ukimaliza kipande, chovya sponji kwenye ndoo ya maji matupu, likamue, ndipo urudi kwenye povu. Ukiangalia ndoo hiyo mwishoni utaona mchanga umetulia chini, ule ambao ungekuwa unazungushwa juu ya rangi. Sponji likianguka chini halirudi kwenye bodi siku hiyo, lihamishie kwenye rimu. Dodoki ni zuri kwa matairi, kwenye rangi ni kwaruzo. Suuza, kisha kausha kwa taulo la mikrofaiba (hiki ndicho kitu cha kwanza cha kununua) au fulana ya pamba iliyochakaa, ukiwa umekata mishono na lebo.

Maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yanatoka ziwani, na maji ya Victoria yana chumvichumvi kidogo sana, hivyo hayaachi madoa mengi. Ukitumia kisima chenye maji ya chumvi, usiyaache yakauke yenyewe. Madoa meupe ya maji ya kisima huondoka kwa siki sehemu moja na maji sehemu mbili: paka kwa kitambaa, hesabu dakika moja, suuza. Yale yaliyoganda siku nyingi kwenye kioo yanahimili siki nusu kwa nusu.

Usiende kuoshea ziwani, wala kwenye Mto Mirongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na fosfeti za sabuni ni mbolea ya magugu maji. Oshea nyumbani, juu ya majani au changarawe.

Kwa barabara zako kuna wadudu wa ziwani. Wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama, wakajaa bampa na kioo kama uji. Mwili wa mdudu akikauka juani juu ya rangi unaacha tindikali na protini zinazoichimba, na baada ya siku kadhaa alama haitoki tena kwa kuosha. Usiwakwangue wakiwa wakavu. Lowesha taulo kuukuu kwa maji ya shampuu, lilaze juu ya bampa dakika 10, ndipo ufute kwa upole. Waliobaki wapake maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kwa lita moja, iliyoyeyuka kabisa. Usiisugue ikiwa ungaunga, itakwaruza. Usiku wa wadudu usiegeshe chini ya taa. Kinyesi cha kunguru na cha yale makorongo makubwa ya mjini ni hivyohivyo, ila kina haraka zaidi: taulo bichi dakika 10, inua uchafu kwenda juu, usiuburuze, maana ndani yake kuna mchanga na mifupa midogo.

Lami iliyorukia chini ya milango ndiyo kazi halali ya mafuta ya kula. Alizeti au yoyote, matone machache kwenye kitambaa, bana juu ya doa dakika 5 hadi 10, lami inalainika na kufutika. Osha pale kwa sabuni ya vyombo mara moja. Ukimaliza lami, chupa ya mafuta irudi jikoni.

Dashibodi haitaki mafuta. Ya kula yanachacha, yananata, na mchana yanarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele hadi huoni barabara vizuri. Kwenye usukani na pedali yanateleza, na hilo ni la hatari. Matone machache ya sabuni ya vyombo kwa lita moja ya maji, kitambaa kilichokamuliwa sana, basi. Dashibodi iko hivyo, haing'ai, ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Vaseline ina mahali pake pamoja: vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vituo, toa kwanza waya wa hasi, kisha chanya, mwagia maji yenye kijiko cha chakula cha bekingi soda kwa kikombe kimoja, acha povu liishe, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza, kausha. Rudisha chanya kwanza, kisha hasi, kaza, ndipo upake Vaseline kwa nje. Hakikisha maji ya soda hayaingii kwenye matundu ya betri. Kwenye mipira ya milango usipake Vaseline. Ni mafuta ya petroli, nayo huvimbisha mpira polepole. Duka la dawa nunua gliserini, paka kidogo kwa kitambaa. Gliserini hiyohiyo ukiichanganya na maji nusu kwa nusu inaleta weusi mzuri wa tairi upande wa ubavuni, usiguse sehemu inayokanyaga. Kwanza tairi lisuguliwe kwa sabuni ya mche na dodoki hadi povu liache kuwa la kahawia.

Vioo ni siki sehemu moja kwa maji matatu, na gazeti. Gazeti kwa vioo tu, kwenye rangi ni gumu. Mpira wa waipa ufute kwa spiriti hadi kitambaa kiache kutoa weusi. Tangi la maji ya waipa lisiwekwe sabuni ya unga, inaziba matundu. Matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa tangi zima yanatosha.

Taa. Taa za Noah si kioo, ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa ngozi ngumu ya kuikinga na jua. Ngozi hiyo ndiyo imeungua. Dawa ya meno inafanya kazi kwa sababu ina chembe laini za kusugulia, na inachofanya ni kuikwangua ile ngozi iliyokufa. Tumia nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Osha taa, zungushia utepe wa karatasi ili usiguse rangi, paka kiasi cha kidole, sugua kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika 5 hadi 8 kila taa, ukiongeza maji kidogo ikianza kukauka. Suuza. Kama povu lilikuwa la manjano, unafanikiwa. Kama taa imebaki ya njano na povu ni jeupe, uchafu upo kwa ndani au umezama, acha kujisumbua.

Lakini elewa: sasa plastiki iko uchi. Bila kinga itarudi kuwa njano baada ya wiki chache hadi miezi michache, na kila ukirudia unaipunguza. Paka nta juu yake mara moja, na kila ukiosha iguse tena. Tiba ya kudumu ni msasa wa maji, namba 800, 1500, 2000, kisha klia ya taa yenye kinga ya jua. Hiyo mpe fundi rangi. Ile dawa ya mbu, usijaribu. Kiini chake, diiti, kinayeyusha plastiki. Taa inaonekana safi ghafla kwa sababu uso wake umelainika, kisha inapasuka nyufa ndogondogo zisizosafishika. Ikidondokea kwenye rangi inalainisha pia.

Nimeacha boneti mwisho kwa sababu kwanza unatakiwa kujua ina ugonjwa gani. Fungua boneti utafute kibati chenye maandishi ya modeli, soma namba ya rangi. Ikiwa 202, hiyo ni nyeusi tupu ya Toyota, ambayo kwa kawaida haina klia juu yake. Ni rangi laini sana, inakwaruzika kwa kuitazama, lakini inatibika kirahisi. Ikiwa 209, ina chengachenga na ina klia. Kisha funga boneti, imwagie maji. Ikiwa imelowa inakuwa nyeusi nzuri na ikikauka inarudi kijivu, juu pameungua na chini kuna rangi nzima, hiyo inasuguliwa. Ikiwa hata ikilowa unaona mabaka meupe yenye kingo, kama ramani ya visiwa vya Ukerewe, klia imebanduka. Hapo hakuna dawa ya meno, siki wala kompaundi (dawa ya kusugulia rangi ya gari) itakayosaidia.

Kwa boneti ya kijivu, dawa ya meno ni ya majaribio sehemu ndogo. Kumaliza boneti nzima utachoka na utaacha ukungu. Nunua kompaundi laini na kopo la nta yenye kanauba, nta ngumu itokanayo na mmea. Watu huniuliza kuhusu nta ya nyuki, maana inapatikana kirahisi. Inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 62 hadi 64, na boneti nyeusi juani inafika huko na kupita. Italainika na kushika vumbi. Kanauba inavumilia hadi zaidi ya 80.

Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase rangi: vipele ambavyo vidole havivihisi, mfuko utavionyesha, na kila kipele ni lami au mdudu aliyesahaulika. Viondoe kwanza. Gawa boneti vipande vya sentimita 50 kwa 50. Kompaundi ya ukubwa wa sarafu kwa kila kipande, sugua kwa mistari iliyonyooka dakika 3 hadi 4, futa, tazama. Kwenye migongo na kingo za boneti pita mara moja tu, rangi huko ni nyembamba. Kama ni 202, kitambaa kitatoka cheusi tii. Usishtuke, ni rangi iliyokufa inatoka. Kama ni 209 na kitambaa kimetoka cheusi, simama hapohapo, klia imekwisha.

Nta ipakwe nyembamba kiasi cha kutoiona vizuri. Kosa la kawaida ni kuipaka kama siagi, halafu haikauki na haifutiki. Ngoja dakika 10 hadi 15, pitisha kidole: kikiacha njia safi isiyo na mburuzo, futa kwa upande mkavu wa mikrofaiba. Epuka plastiki nyeusi ya bampa, nta inaacha weupe ambao utaufuta kwa mswaki na sabuni ya vyombo. Kila miezi miwili, au pale maji ya mvua yatakapoacha kujikusanya kwa matone na kuanza kutandaa kwenye boneti, rudia nta bila kompaundi.

Ukikuta mabaka yale ya visiwa, nenda kwa fundi rangi umwambie apige boneti na paa tu. Atakushawishi gari zima. Milango ya pembeni haipigwi na jua la saa sita kama paa, mara nyingi ni mizima, na rangi ya kiwandani ni bora kuliko atakayoipiga yeye juu yake.